Mzee Aliyetafuta Maneno

Niliporudi nyumbani Mtawanya baada ya kustaafu, nilikaa barazani wiki tatu nikimtazama mume wangu akimwagilia mchicha wake vibaya. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kule Nanyamba miaka mingi, hata nikaishia kuwafundisha watoto wa wanafunzi wangu, na kinywa changu hakikuwa kimezoea kunyamaza mchana. Nilimwelekeza mume wangu namna ya kushika ndoo. Nilimwelekeza namna ya kuacha nafasi kati ya mche na mche. Wiki ya nne akaniambia kwa upole kwamba, kama kuna mtu yeyote mjini anayehitaji mwalimu, yeye binafsi hana kipingamizi.

Siku chache baadaye kijana mmoja alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba, akavua kofia ngumu, akainama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Alijitambulisha, nami nikamkumbuka hapo hapo. Darasa la tano, dawati la pili kutoka dirishani. Nilimpigisha magoti kipindi kizima kwa kuchora jina lake kwenye dawati kwa msumari. Sasa alikuwa na ndevu zilizochongwa vizuri na kituo chake cha kufundisha Kiswahili kwa wageni, nyumba ya kupanga kule Shangani. Mwalimu wake alikuwa amekwenda likizo ya uzazi. Alitaka nimshikie darasa miezi mitatu.

"Wanafunzi wangapi?" nikamuuliza.

"Watatu, Mwalimu."

Nilicheka mpaka mume wangu akaacha ndoo. Nimewahi kuwa na watoto tisini na wanne katika chumba kimoja, wengine wamekaa juu ya wengine. Nikamwambia watatu nitawafundisha huku nasuka ukili.

Jumatatu nilifika Shangani saa moja na nusu na daftari langu la maandalio, lile la jalada gumu. Darasa lilikuwa sebule ya nyumba: meza moja ndefu, ubao mweupe, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na mpapai ukichungulia dirishani. Wanafunzi wangu walisimama kunisalimu, nikafurahi. Furaha hiyo ilidumu kama robo saa.

Wa kwanza alikuwa binti wa Kikorea, mwanafunzi wa chuo kikuu kwao, ambaye kalamu zake zilipangwa mezani kwa rangi. Wa pili alikuwa mzee wa Kijerumani, mrefu, mwenye masikio makubwa, ambaye alikuwa ameendesha treni maisha yake yote na baada ya kustaafu akaamua kujifunza lugha ambayo hakuna mtu yeyote wa mtaani kwake anayeijua. Wa tatu alikuwa mama wa makamo kutoka Palma, ng'ambo ya Ruvuma. Kwao alikuwa msaidizi katika zahanati, na alikuja kukaa kwa shangazi yake hapa Mtwara ili asome uuguzi. Kimakonde alikuwa nacho, Kireno alikuwa nacho, na Kiswahili alikuwa nacho pia, isipokuwa kilikuwa cha kwake mwenyewe.

Wote watatu walikuwa wameshasoma mwezi mmoja. Nikaona nianze pale ninapoanzia siku zote. Nikanyanyua kiti kidogo cha kona.

"Semeni nyote kwa pamoja: hiki ni kiti."

Mkorea aliandika. Mjerumani alitazama kiti. Mama wa Palma aliinamisha kichwa upande mmoja, akasema, "Hapana, Mwalimu. Hicho kigoda. Kiti kina mahali pa kuegemea."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikaweka kigoda chini, nikashika kiti chenye mgongo, nikarudia. Safari hii sauti moja ndogo iliitikia, nayo ilikuwa yangu.

Nikaandika ubaoni sentensi kumi za hali ya hewa. Mkorea akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

"Mtihani upo mwisho wa miezi mitatu."

Alinitazama kama nimemwambia chakula kipo mwisho wa miezi mitatu. Kisha akanyoosha mkono tena. "Umeandika 'nasikia baridi.' Baridi ina sauti gani?"

"Haina sauti."

"Basi anasikia nini?"

Miaka yote ile Nanyamba hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ndivyo tunavyosema. Akaandika kwenye daftari, kwa kalamu ya kijani, "ndivyo tunavyosema," akapigia mstari.

Mjerumani wakati huo alikuwa anatikisa mguu chini ya meza kiasi kwamba vikombe vililia. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Samahani, Mwalimu," alisema, kila neno akiliweka peke yake. "Mimi nikikaa, maneno yanatoka."

"Yanatoka wapi?"

Akaonyesha sikio lake la kushoto.

Wiki mbili ziliendelea hivyo. Nilisimama mbele nikaimba peke yangu kama muadhini. Ijumaa ya pili mkurugenzi wangu, yule mtoto wa msumari, alikuja akanisalimu kwa heshima zote, akakaa kwenye ncha ya kiti, akatoa karatasi kwenye bahasha.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Nilikwenda semina. Siku hizi tunaanza kwa kumuuliza mwanafunzi anapenda kujifunza kwa njia gani."

"Kumuuliza nani?"

"Mwanafunzi."

Nikaichukua ile karatasi. Kichwa chake kiliandikwa Fomu ya Mapendeleo ya Mwanafunzi, na chini yake kulikuwa na vijisanduku vya kuweka alama ya vema: kusikiliza, kutazama, kutenda, kujadiliana, kazi ya peke yako, kazi ya kikundi. Enzi zetu pendeleo la mwanafunzi lilikuwa moja tu, kutochapwa, na halikuhitaji fomu. Lakini nilikuwa nimeajiriwa. Nikaenda nayo nyumbani, nikamsomea mume wangu baada ya chakula. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akasema yeye angependa kujifunza akiwa amelala.

Jumatatu nikawagawia. Mkorea alijaza mbele na nyuma, na nafasi ilipokwisha akaomba karatasi nyingine. Alitaka mtihani kila siku. Alitaka asahihishwe kwa wino mwekundu, kila kosa, hata dogo, na aonyeshwe yeye ni wa ngapi. Nikamwambia darasa lina watu watatu. Akasema anajua, ila angependa kuona imeandikwa.

Mama wa Palma aliisukuma fomu kwangu. "Andika wewe, Mwalimu. Andika: napenda kubishana. Mtu akikubali kila kitu mimi nasinzia."

Mjerumani hakuweka alama kwenye kisanduku chochote. Alichora treni ndogo upande wa chini, na kando yake akaandika: "Kutembea. Kusoma kitu. Kutembea."

Nililala nikiwaza, nikaamka na wazo. Ningewapa kila mtu anachotaka, siku moja, kwa pamoja, ili mkurugenzi aone mwenyewe kwamba haiwezekani. Sitaficha nia yangu. Nilitaka ishindikane, na nilijiandaa vizuri sana kwa ajili hiyo.

Jumatano nikafika na maswali arobaini ya ngeli kwa ajili ya Mkorea. Nikamkalisha kwenye meza ya jikoni na saa ya ukutani mbele yake. Kwa ajili ya Mjerumani nilikuwa nimekata vipande vya karatasi nikabandika majina kwenye kila kitu: mlango, dirisha, kufuli, tangi, kamba ya kuanikia, mpapai, ukuta, geti. Nikamwambia azunguke nyumba, asome kwa sauti, akimaliza arudie. Halafu nikakaa na mama wa Palma kubishana kipi kitamu zaidi, samaki mbichi au samaki mkavu.

Najua nilisema nilitaka ishindikane. Tatizo ni kwamba mjadala wa samaki ulinoga. Mama huyo alikuwa na hoja. Alisema samaki mbichi anampendeza mtu asiyejua kupika, kwa sababu hata ukimharibu bado ni samaki. Mimi nikasema samaki mkavu ni wa mtu aliyechelewa sokoni. Akasimama. Nikasimama. Akakosea "samaki hii," nikamrekebisha, "samaki huyu," akasema sawa, samaki huyu, lakini bado umekosea, na akaendelea bila kupumzika. Nilisikia Mkorea akigeuza kurasa jikoni. Nilisikia Mjerumani akipita dirishani, "mpapai, mpapai," kisha ukutani, "ukuta," kisha "geti." Kisha sikumsikia tena, wala sikugundua kwamba simsikii.

Simu ilipolia ilikuwa yapata saa tano. Mkurugenzi alikuwa Masasi kwa shughuli zake.

"Mwalimu, shikamoo. Yule mzee Mjerumani yuko wapi?"

"Yupo. Anazunguka nyumba."

"Nimepigiwa simu na mlinzi wa ghala moja la korosho, huko barabara ya bandarini. Anasema amemshika mzungu mrefu. Namba yangu ameikuta kwenye jalada la daftari."

Nilitoka nje. Geti lilikuwa wazi, na karatasi yangu iliyoandikwa "geti" ilipepea. Mlinzi wetu akanieleza kwamba mzee alifika pale, akasoma "geti" kwa sauti, akamtazama, na yeye akafikiri anaomba afunguliwe.

Tukapanda bajaji watu watatu. Mkorea alikuja na karatasi yake ya mtihani na kipande cha ubao cha kuandikia. Nilimwambia aiache, akasema zimebaki dakika kumi na mbili na hatakubali zipotee. Njia nzima aliandika huku bajaji ikiruka mashimo. Mama wa Palma alikuwa bado kwenye samaki.

Ghala lilikuwa limefungua milango yote miwili, na malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Makuli walikuwa wameketi kivulini wakinywa chai, na katikati yao, juu ya gunia, amekaa mwanafunzi wangu na kikombe cha bati mkononi, akisoma maandishi ya gunia kwa sauti huku kuli mmoja akimsaidia matamshi. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona darasani.

Mlinzi alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, sare imepigwa pasi, daftari la wageni chini ya kwapa. Nikajitambulisha kuwa ni mwalimu wake.

"Shikamoo, Mama. Huyu mzee ameingia eneo lisiloruhusiwa. Nimemuuliza, mzee wangu, unatafuta nini? Akanijibu, natafuta maneno." Alinitazama aone kama nitacheka. Sikucheka. "Nikamwambia, mzee, hapa hakuna maneno, hapa kuna korosho. Akaniambia asante, akaendelea kuingia."

Nikamgeukia Mjerumani. Akasimama, akanieleza. Alipomaliza maneno ya nyumba aliona neno jingine ng'ambo ya barabara, Duka la Dawa. Akalisoma. Mbele yake kulikuwa na Fundi Simu. Mbele zaidi, kwenye ukuta, Usikojoe Hapa. Kila alipomaliza moja aliona lingine, na yote yalikuwa ya bure.

"Na hili?" nikamuuliza, nikionyesha bango la ghala. Lilikuwa kubwa, jekundu: HAIRUHUSIWI KUINGIA BILA KIBALI.

"Hili nimelisoma vizuri," akasema. "Kuruhusu, najua. Kuingia, najua. Nikafikiri, watu wema. Nikaingia."

Kitenzi cha kukanusha katika kauli ya kutendwa nilikuwa nimekipangia wiki ya saba. Kilikuwa kimeandikwa kwenye maandalio yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mlinzi alitaka maelezo ya maandishi, nami nikaona ni haki yake. Mjerumani akaandika mistari mitatu kwenye daftari la wageni. Kabla mlinzi hajaisoma, Mkorea alikuwa ameshachomoa kalamu nyekundu. Alisahihisha mistari ya mzee, akapanda juu akasahihisha na ya mlinzi, mahali alipoandika "ameigia" badala ya "ameingia."

"Dada, hilo ni daftari la serikali ya ghala," mlinzi akasema.

"Kosa moja tu," Mkorea akamliwaza. "Ni vizuri sana."

Mlinzi alikunja uso. Mama wa Palma akaona nafasi yake. Akamwambia bango lenyewe limewekwa juu mno, mtu mwenye macho ya kizee hulisoma kwa taabu. Mlinzi akasema mzee mwenyewe amekiri amelisoma. Mama akasema kusoma na kuelewa ni vitu viwili, ndiyo maana watu wanakwenda shule. Mlinzi akajibu, mama akarudisha, na katikati ya majibizano mmoja wao akagundua lafudhi ya mwenzake. Wakahamia kwenye Kimakonde. Mara wakawa wanaulizana ukoo, wakanyoosha mikono kuelekea Ruvuma, wakacheka, wakaanza kubishana upya kwa mapenzi mapya.

Na mimi, nikiwa nimesimama juani na mkoba wangu, nikapiga makofi mara mbili. "Kiswahili!"

Ilinitoka yenyewe. Ilikuwa sauti ya darasani, ile ya watoto tisini na wanne. Makuli walinyamaza. Mjerumani akaketi. Yule mlinzi, mtu mzima mwenye rungu kiunoni, akaunganisha miguu, akatazama chini, akasema, "Samahani, Mwalimu."

Hakuwa amewahi kuwa mwanafunzi wangu. Alimfahamu mwalimu kwa sauti tu, na mwili wake ulikumbuka. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka kumwambia aendelee, kwamba Kimakonde ni changu pia, kwamba mama yangu hakuwa na lugha nyingine. Lakini yeye akafikiri bado nimekasirika, akaandika upesi kwamba suala limemalizika, akatupa ruhusa.

Mjerumani alikataa bajaji. Alisema njia ya kurudi ina upande wa pili, nao hajausoma. Nilikuwa nimevaa viatu vya kufundishia na jua lilikuwa kali, lakini baada ya lile nililolifanya sikuwa na nguvu ya kumkatalia mtu. Tukatembea wote wanne, Mkorea na karatasi yake iliyokwisha muda, mama wa Palma kimya. Kimya chake kilinisumbua kuliko ubishi wake.

Tulipofika penye miembe ya barabarani akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu? Wewe ulipenda kufundishwa vipi?"

Sikuwa nimeulizwa hivyo tangu nizaliwe. Nikaanza kumjibu kama ninavyowajibu wakaguzi, nikaona hapana. Nikamweleza.

Nikamweleza kwamba nilianza darasa la kwanza bila neno moja la Kiswahili. Shuleni kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba, na mtoto aliyesikika akisema Kimakonde alivishwa shingoni mpaka amsikie mwenzake naye akikosea, amvishe. Mimi nilikivaa siku nyingi kiasi kwamba siku nilipokikosa nilihisi shingo nyepesi. Nilijifunza kunyamaza, na kwa kunyamaza huko walimu waliniandika kuwa mtoto mwenye adabu.

Kiswahili nilikipata Mikindani. Nilipelekwa kwa shangazi, na shangazi alinituma kila jioni dukani kwa familia moja ya Kihindi. Nyuma ya meza alikaa mama wa duka, mnene, mtandio kichwani. Siku ya kwanza nilinyoosha chupa bila kusema kitu. Alishika chupa, asinipe. "Sema," akaniambia. Nikasema, "Mafuta." "Mafuta gani?" "Taa." "Kiasi gani?" Alinisimamisha pale mpaka nikaunganisha sentensi nzima, naomba mafuta ya taa nusu chupa, na wateja waliokuwa nyuma yangu walinisubiri. Hakunicheka wala hakunichapa, ila mafuta hakutoa mpaka sentensi imekamilika. Kila siku aliongeza neno. Baada ya mwaka nilikuwa naomba vitu kwa sentensi ndefu kuliko orodha ya shangazi.

"Basi ukafaulu," mama wa Palma akasema.

"Nikarudi shule nikiongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kihindi. Mwalimu akaniuliza baba yangu ana duka wapi."

Alicheka mpaka akashika mti. Mkorea aliomba aelezwe, akaelezwa, akacheka baadaye peke yake tulipokuwa tumeshaendelea mbele. Nami nikacheka, ingawa wakati ule haikuwa kitu cha kucheka. Kisha nikasimama mbele ya bango la kwanza tuliloliona, lililosema Hairuhusiwi Kutupa Taka, na nikafundisha somo la wiki ya saba hapo hapo, kando ya barabara, huku waendesha bodaboda wakiitikia kwa sauti kubwa kuliko wanafunzi wangu. Inaruhusiwa. Hairuhusiwi. Inauzwa. Haiuzwi. Mjerumani alirudia akipiga hatua, neno moja kwa mguu mmoja, na ninavyojua mimi hakulisahau tena.

Mkurugenzi aliporudi alikuja na sura ya msiba. Alisema kuanzia sasa geti lifungwe kwa kufuli na mzee asitoke. Nilimwacha amalize. Nikamwambia kosa ni langu, kwamba nilipanga siku ile ivurugike, na kwamba ingenifaa kupigishwa magoti.

"Usiseme hivyo, Mwalimu," akajibu haraka, akitazama mlangoni kama wanafunzi wanasikia.

"Lakini mzee utamfungia nini? Sema tumtoe, na mimi nikiwa nyuma yake."

Akafikiri, akakubali, kwa sharti kwamba nisimwache peke yake. Ndiyo maana watu wa Shangani waliniona miezi ile nikipita asubuhi na kundi langu, mzee mbele, mimi na mwavuli, mama wa Palma akipinga, na Mkorea nyuma akiandika. Tukirudi nilimpa mtihani wake. Nilimsahihisha kwa wino mwekundu mpaka kalamu ikaisha. Kila siku niliandika juu ya karatasi "wa kwanza kati ya mmoja," na kila siku alitabasamu kama ni mara ya kwanza. Kuimba kwa pamoja sikuacha kabisa, lakini nilikuwekea dakika tano za mwanzo, kwa ajili yangu mwenyewe. Waliniitikia. Nafikiri walinihurumia.

Mtihani wa mwisho alitunga mkurugenzi. Mkorea alipata alama za juu sana, akakata rufaa kwa alama mbili, akashinda moja. Mjerumani aliomba mtihani wa kuzungumza ufanyike nje, na mkurugenzi, na shati lake la mikono mirefu, akamfuata kuzunguka nyumba mara tisa akiuliza maswali huku anahema. Mzee alifaulu. Aliyeulizwa kama amechoka hakuwa yeye. Mama wa Palma aliwashinda wote kwa kuzungumza na akafeli imla vibaya sana, kwa sababu aliandika kila neno jinsi alivyoona lilipaswa kuandikwa, na alipoitwa kuonyeshwa makosa yake alitetea kila moja. Alirudia baada ya wiki mbili. Usiku wa kuamkia mtihani wa pili sikulala vizuri, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Mkorea alipoondoka alinipa bahasha. Ndani yake kulikuwa na fomu aliyoitunga mwenyewe, amenipima mimi, kwa vipengele. Nilipata themanini na moja. Alama nyingi zilikatwa kwenye kipengele cha sauti asubuhi. Mume wangu aliisoma, akasema msahihishaji huyu ni mtu wa haki.

Mjerumani naye alirudi kwao. Hadi leo ananitumia picha za mabango ya mji wake kwa simu, na chini ya kila bango ameandika Kiswahili chake. La mwisho lilikuwa la bustanini: bata hawaruhusiwi kupewa mkate. Nilimjibu kwamba ni sahihi, ila nilimwuliza bata wenyewe wamesemaje.

Mama wa Palma alipata nafasi ya kusoma uuguzi hapa mjini. Mwezi wa pili wa masomo alikuja Mtawanya akiwa na sare yake nyeupe, akapita moja kwa moja mpaka barazani, akaketi bila kungoja kukaribishwa, na nilijua kwa namna alivyoketi kwamba amekuja kushtaki.

"Mwalimu, umenifundisha vibaya."

"Nimefanya nini?"

Akaeleza. Walikuwa wodini, mzee mmoja amelazwa kwa maumivu ya tumbo. Muuguzi mkuu akamwambia amuulize mgonjwa kama amepata choo. Yeye akamuuliza kwa adabu, kwa sauti, kwa ngeli zote sawasawa: "Babu, shikamoo. Umepata choo?" Na yule mzee akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Ndiyo, kipo, tumejenga nyuma ya nyumba." Yeye akaandika kwenye faili: amepata. Mzee akakaa siku mbili zaidi na tumbo lake.

"Sasa ningejuaje?" akaniuliza. "Choo ni nyumba au choo ni kitu?"

Nikamwambia ni vyote viwili.

"Haiwezekani. Lugha haiwezi kumpa mtu kazi ya namna hiyo."

Nikamwambia inaweza. Akasema basi swali lenyewe ni baya, na hospitali ibadilishe swali. Nikasema swali ni zuri, ila mtu aulize kwa ukamilifu. Mume wangu, ambaye hajawahi kuingilia mambo ya lugha, akaweka ndoo chini akasema yeye binafsi angemjibu muuguzi vilevile kama yule mzee, kwa sababu chetu tumekijenga mwaka jana na watu hutuuliza. Mama wa Palma akamgeukia. Nikaenda kuweka maji ya chai, maana nilijua hatutamaliza kabla ya adhuhuri.